Jani Nambari Kumi na Nne

Barua pepe iliyoninyima raha iliandikwa kwa adabu nyingi. Aliyeiandika alikuwa mtafiti katika nchi ya mbali, akimalizia shahada yake ya uzamifu. Alinishukuru kwa makala yangu kuhusu virusi vya muhogo, akasema ndiyo yaliyomvuta kwenye fani hii, kisha akauliza swali moja dogo. Alikuwa amechukua tarakimu za mahali nilizochapisha kwenye jedwali, zile zinazoonyesha kila jani lilichumwa wapi, akazitia kwenye ramani ya setilaiti. Majani mengine yote yalitua mashambani. Jani nambari kumi na nne, lile ambalo makala yote yalilitegemea, lilitua katikati ya malori.

"Huenda kuna tarakimu iliyokosewa wakati wa kuchapa," aliandika.

Nilifungua ramani hiyohiyo na kuona alichokiona. Palikuwa Malaba, upande wetu wa Kenya: uwanja wa kuegesha malori, vibanda vya chakula vyenye paa za mabati, na mstari mrefu wa matrela yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Shamba halikuwepo. Hata kichaka cha muhogo hakikuwepo.

Ningependa kusema kwamba mara moja nilianza kutafuta kosa langu. Sikufanya hivyo. Nilianza kumshuku yeye. Nani amemtuma? Kwa nini aulize mwaka huu, na mimi nimependekezwa kuingia kwenye jopo la wahariri wa jarida moja kubwa? Nilitafuta jina lake mtandaoni, nikaangalia amesoma wapi, anasimamiwa na nani, na kama msimamizi wake ni mmoja wa watu niliowahi kukwaruzana nao mikutanoni. Sikupata chochote. Alikuwa mtu tu aliyeamua kusoma jedwali mpaka mwisho, jambo ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyelifanya.

Mimi ni mwanabiolojia wa molekuli. Mama yangu, ambaye bado analima kule Funyula, huwaambia wenzake kanisani kwamba kazi ya binti yake ni kusaga majani ya muhogo mpaka yaseme yanaumwa nini, na sijapata maelezo bora kuliko hayo. Niliporudi nyumbani na shahada yangu, muhogo wa kaunti yetu ulikuwa unaoza ardhini huku majani yake juu yakionekana mazima. Watu walikuwa wanachimba mashina na kukuta mizizi yenye madoa ya kahawia, migumu, haifai kuliwa wala kukaushwa. Niliazimia kujua ni virusi gani hasa. Nilipata ufadhili mdogo, nikapanga kukusanya majani kuanzia Malaba hadi Budalang'i.

Sikuweza kuyachuma yote mwenyewe. Nilisaidiwa na afisa wa kilimo, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, mwenye pikipiki na aliyejua kila njia ya kaunti ile. Nilimpa bahasha zenye nambari, dawa ya kukausha majani, na kifaa cha GPS cha kurekodi mahali. Alikuwa anachuma jani, anabonyeza kifaa, anaandika tarakimu kwenye bahasha, kisha ananitumia bahasha zote maabarani.

Katika bahasha zile, ya kumi na nne ilikuwa na virusi vya aina ambayo haikuwahi kuripotiwa upande wetu wa mpaka. Nilirudia vipimo mara mbili. Virusi vilikuwepo kweli. Niliandika makala, na kichwa chake kikasema wazi kwamba aina hiyo imepatikana katika shamba huko Malaba, Kenya. Makala yalichapishwa, na maisha yangu yakabadilika.

Katika kazi yetu, mwanasayansi mwingine anapoitaja kazi yako katika orodha ya nyuma ya makala yake, hiyo ni alama. Mashine huzihesabu alama hizo. Makala yangu mengi yalipata alama chache za huruma, kutoka kwa wanafunzi wangu na marafiki. Haya ya Malaba yalipaa. Mwaka baada ya mwaka hesabu ilipanda, nami nilipanda nayo. Nilipewa cheo, nikaalikwa kuzungumza nchi ambazo jina la Malaba lilitamkwa na watu wasiojua kama ni mji au mto. Asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nafungua ukurasa wangu kuangalia kama nambari imeongezeka.

Jambo moja lilipaswa kuniamsha. Siku moja nilikaa nikasoma namna watu walivyonitaja. Wa kwanza walisema virusi vilionekana katika shamba moja. Waliofuata wakasema mashamba ya Malaba. Baadaye ikawa magharibi mwa Kenya, na hatimaye mmoja akaandika kwamba utafiti wangu umethibitisha ugonjwa huo umeenea Afrika Mashariki. Mmoja alikosea jina la mji akaandika Malapa, na baada yake makala manne mengine, ya watu wa nchi tofauti, yakaandika Malapa. Nilielewa walikuwa wananakiliana bila kufungua makala yangu. Niliwasimulia wanafunzi wangu darasani kama kichekesho, tukacheka. Sikumwandikia hata mmoja kumsahihisha, kwa sababu kila kosa lile lilikuwa linahesabiwa upande wangu.

Sasa nilikuwa na malori kwenye ramani. Nilitoa daftari langu la maabara la miaka ile kutoka kwenye sanduku. Penye nambari kumi na nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na maneno haya: "Limenyauka kuliko mengine. Mbona? Uliza." Chini yake hapakuwa na jibu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na matokeo ya kipimo, yamepigiwa mstari mara tatu kwa furaha.

Nilisafiri hadi Busia. Yule afisa alikuwa amestaafu na kufungua duka la mbegu na dawa za mimea huko Burumba. Nilimkuta anapanga pakiti za mbegu za sukumawiki kwenye rafu.

"Daktari! Umepotea kabisa," alisema, akanipa kiti cha plastiki na kuniagizia soda kabla sijakubali.

Tuliulizana habari za nyumbani. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba kuna mtu ameniuliza kuhusu majani tuliyochuma Malaba, na nimesahau mambo mengi.

"Mimi sijasahau," alisema. "Hiyo ya kumi na nne ilitoka kwa shamba ya mama mmoja hapo nyuma ya malori. Shida ilikuwa kifaa chako. Hiyo kitu ilikuwa inachelewa kushika. Unasimama hapa, inasema uko kule."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Maelezo yalikuwa na mantiki, kwani vifaa vya zamani vilikuwa na tabia hiyo. Lakini alichuma majani matano eneo la Malaba, na mimi sikuwa nimemtajia nambari.

"Mama gani?" niliuliza.

"Ni mmoja wa wale Wateso wa hapo. Ukifika uliza tu."

Aligeuka akaendelea kupanga pakiti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Malaba. Nilipita kando ya malori hadi mahali ambapo lami inaisha na maboma yanaanza. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa anaanika nguo kama anamjua mama mwenye shamba la muhogo nyuma ya uwanja wa malori, ambaye zamani watu wa kilimo walichukua majani kwake.

"Unatafuta yule wa ugonjwa?" alisema, akanionyesha kwa kidole bila kunitazama usoni.

Neno hilo nililibeba mpaka kwenye boma lenyewe, ua uliofagiliwa vizuri, na mjane wa miaka sitini hivi akipura wimbi kwenye turubai. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji. Nilimsalimu, nikajitambulisha kwamba mimi ni daktari wa mimea. Aliweka fimbo chini.

"Nyinyi watu wa majani," alisema. "Nilijua siku moja mtarudi."

Alinieleza mambo ambayo mimi, pamoja na hesabu zangu zote za asubuhi, sikuwahi kuyajua. Mwaka mmoja na kitu baada ya makala yangu kutoka, maafisa walikuja na karatasi yenye tarakimu za mahali. Walizunguka kwenye malori na kifaa chao, hawakuona muhogo, wakatafuta shamba lililo karibu zaidi. Lilikuwa lake. Waling'oa kila shina, wakachoma. Majirani wawili waliopakana naye wakang'olewa pia. Aliambiwa kwamba ugonjwa mbaya ulianzia kwake na wazungu wameandika.

"Hawa majirani hawakukasirikia serikali," alisema. "Walinikasirikia mimi. Hata leo nikipeleka wimbi sokoni, watu wanauliza imetoka wapi. Wakisikia ni mimi, wanaenda kwa mwingine. Kwa kikundi cha kina mama kanisani waliniambia nisilete mbegu ya kupanda. Nilete maombi tu."

Kisha aliniuliza, "Nani aliandika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Niliifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Ni mimi."

Hakupiga kelele. Alinitazama viatu, akanitazama mkoba, akanitazama uso.

"Mimi sijawahi kuona mtu akichuma jani hapa," alisema. "Na huo mwaka mnaosema jani lilichumwa sikuwa natoka. Huu mguu ulikuwa umenilaza. Nilikuwa nimekaa hapohapo umesimama, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila mtu aliyepita nilimuona."

Naona haya kuandika kilichofuata akilini mwangu. Nilimshuku naye. Nilijiambia kwamba ana sababu ya kukana, kwamba pengine anatarajia fidia, kwamba mtu aliyeumia kumbukumbu zake hujipanga zenyewe upande wake. Miaka mingi ya maabara ilikuwa imenifundisha kutoamini neno la mtu penye kitu kinachopimika. Nikamuuliza kama shamba lake lilikuwa na muhogo wa aina ngapi.

"Moja. Ile nyekundu ya mama mkwe wangu. Ile tamu."

"Hakuna hata shina moja lililobaki?"

Kuku walipita kwenye wimbi na hakuwafukuza. Mwishowe alisema, "Kwa nini unauliza?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba jani lina habari mbili ndani yake: habari za ugonjwa, na habari za mmea wenyewe, ukoo wake. Miaka ile nilisoma habari za ugonjwa tu. Jani la kumi na nne bado lilikuwa limehifadhiwa kwenye friza yangu. Kama ningepata jani la muhogo wake, ningeweza kulinganisha koo hizo mbili na kujua kama lile la kwanza lilitoka kwake.

"Jani lingine?" alisema. "Lile la kwanza lilikula shamba yangu. Na halikuwa hata langu. Sasa nikikupa langu kabisa, litakula nini?"

Niliinuka niage. Nilikuwa nimefika kwenye njia aliponiita.

Nyuma ya bafu, palipozungushiwa magunia, palikuwa na mashina matatu ya muhogo. Siku ya kung'oa, aliwaambia maafisa kwamba kuna mtu anaoga, nao hawakuchungulia. Tangu wakati huo alikuwa anayakata na kuyapanda tena papo hapo, kwa siri, asipoteze mbegu ya mama mkwe wake.

Alitoa masharti. Angechuma yeye mwenyewe. Angeandika yeye juu ya bahasha, kwa kalamu yake. Ningetia sahihi kwenye karatasi ya daftari la shule kwamba nimepokea majani haya, siku hii, kutoka sehemu hii, mbele ya mwalimu wa shule ya msingi anayekaa jirani. Alichana kila jani katikati, nusu akanipa, nusu akaibana kwenye Biblia yake ya Kiteso.

"Ukisema uongo tena," alisema, "hii iko hapa."

Maabarani sikujiamini. Nilijua ningependa jibu liwe upande gani, na hilo peke yake lilikuwa hatari. Nikampa mwenzangu sampuli zote mbili pamoja na nyingine kadhaa, zikiwa na herufi tu, bila kumwambia chochote, akazipima. Alipomaliza nilimwomba arudie. Aliniuliza kama namshuku. Nilimwambia hapana, naye akajua nasema uongo.

Jibu halikubadilika. Muhogo mwekundu wa yule mama na jani nambari kumi na nne havikuwa na ukoo mmoja. Jani la kumi na nne lililingana na aina inayolimwa sana ng'ambo, upande wa Uganda, ambayo tulikuwa na rekodi zake.

Nilirudi Burumba na karatasi ya matokeo. Safari hii yule afisa mstaafu hakuniagizia soda. Aliisoma karatasi, akalifuta jasho lililodondoka juu yake, akafunga nusu ya mlango wa duka.

"Mvua ilikuwa kubwa," alisema. "Unakumbuka ile mvua? Nyororo ya pikipiki ilikatika njiani. Nilifika Malaba saa kumi, nimelowa. Nawe ulikuwa umesema bahasha zote zifike kesho yake, friza inasubiri. Nikakaa kwa kibanda cha chai hapo kwa malori. Ndiyo akapita mzee mmoja na baiskeli, ametoka ng'ambo kwa njia ya mtoni, amebeba mzigo ya miti ya muhogo ya kupanda. Majani bado yako juu. Nikachuma moja. Nikasema, jani ni jani."

"Na kifaa?"

"Nilibonyeza hapohapo kwa kibanda. Kifaa hakikudanganya, daktari. Ni mimi."

Nilitaka kukasirika, na kwa muda nilikasirika kweli. Nilimwambia kuna mama aliyeng'olewa shamba na kutengwa na majirani kwa sababu ya chai ile. Aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo sijamaliza kulichambua mpaka leo.

"Lakini wewe ulinipigia simu. Uliuliza, mbona hii imenyauka? Nikakwambia ilikaa kwa mzigo. Nilidhani utauliza mzigo gani. Hukuuliza. Ulisema sawa."

Sikumbuki simu hiyo. Daftari langu linasema nilipanga kuuliza, halisemi kama niliuliza. Huenda anadanganya ili tubebe lawama sote wawili. Huenda mimi ndiye niliyesahau kwa makusudi, kama watu wanavyojua kusahau wakipata kilichowafurahisha. Nimejaribu kuisikia sauti yangu ikisema "sawa", na siku nyingine naisikia vizuri kabisa, jambo linalonifanya nishuku kwamba nimeitunga.

Chuoni, mwenyekiti wa idara alinisikiliza mikono yake ikiwa juu ya meza. Nilimwambia nataka kuandika masahihisho kwenye jarida: virusi vipo, vipimo ni sahihi, lakini jani halikutoka shambani Malaba, lilikuwa kwenye mzigo uliovuka mpaka siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba sikuwa na ushahidi wowote kwamba ugonjwa ule ulikuwa unakua katika udongo wetu wakati ule.

"Nani anakusukuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Mtu hawezi tu kuamka akajivua nguo. Kuna mtu ana barua yako mahali, anakutishia nayo."

Nilimwambia kuhusu yule mama. Alisikiliza, lakini niliona anatafuta nyuma ya maneno yangu mtu mwingine, adui wa idara, au kiti ninachokitaka. Alinikumbusha kwamba makala yale yalikuwa yanatajwa katika kila ripoti ya idara, na kwamba virusi hivyo baadaye vilipatikana kweli upande wa Kenya na watafiti wengine. "Kwa hiyo ulikuwa sahihi," alisema. "Ulitangulia tu." Hilo lilinishawishi kwa siku nzima. Kisha nikakumbuka karatasi ya daftari niliyotia sahihi mbele ya mwalimu.

Masahihisho yalichapishwa, aya tatu fupi. Mwaliko wa jopo la wahariri ulikawia, halafu haukuja. Yule mtafiti wa mbali aliniandikia kunishukuru, naye nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu bado nilikuwa nasoma kila neno lake mara mbili.

Aya tatu za jarida hazingefika Malaba zenyewe, kwa hiyo nilizipeleka. Naibu wa chifu aliita baraza. Yule afisa mstaafu alikubali kuja, jambo ambalo sikulitegemea, akasimama mbele ya watu waliomjua tangu akiwa na pikipiki ya serikali, akasema alichofanya. Mimi nikasema nilichoandika na nilichoacha kuuliza. Yule mama alikaa mstari wa mbele, Biblia imefungwa magotini.

Tulipomaliza, mwanamume mmoja, jirani aliyeng'olewa shamba pamoja naye, alisimama.

"Amekupa nini?" aliniuliza, akimwonyesha yule mama.

"Hajanipa kitu."

"Basi wewe unataka nini kwake? Daktari hatoki mbali hivyo kuja kusema amekosa. Mimi sijawahi kuona."

Watu waliguna wakimkubali. Nilitazama nyuso zile na sikuona msamaha, wala hasira pia. Walikuwa wananipima, kama mimi nilivyokuwa nimewapima wote: yule mtafiti, yule afisa, yule mjane, hata mwenzangu wa maabara. Nilimjibu yule jirani kwamba ana haki ya kutoniamini, na kwamba matokeo yote nimeyaacha kwa mwalimu, mwenye kutaka asomewe. Baadhi walikwenda kusomewa siku ileile. Wengine waliondoka zao.

Hesabu ya makala yangu haikupungua. Inaendelea kupanda. Katika wote walionitaja tangu wakati huo, nimewaona wachache sana wakitaja na masahihisho. Wengine bado wanaandika shamba la Malaba, na Malapa ipo pia. Sasa nawaandikia mmoja mmoja. Nawaambia jani lilikotoka na kuwaomba wabadilishe. Wengi hawajibu. Mmoja aliuliza kama kweli ni mimi, au ni mtu ananiharibia jina.

Kwa yule mama mambo yalikwenda polepole. Mwalimu ndiye aliyenipa habari: mwanamke wa kwanza wa kikundi cha kanisa alikwenda kuomba miti mitatu ya muhogo mwekundu, kisha wa pili. Jirani aliyeniuliza nimepewa nini alipanda safu moja kwenye mpaka wao, akisema anajaribu tu. Aliyekaa muda mrefu bila kununua sokoni ni yule mwanamke aliyekuwa anaanika nguo.

Msimu uliopita nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa nambari nisiyoijua.

"Ni mimi wa Malaba. Muhogo imetoka vizuri, nimeuza yote. Ulikuwa umesema utakuja kuona. Usije kwanza, watu wasianze tena kuuliza."

Niliandika kwamba nimeelewa. Nilifuta, nikaandika tena kwamba nafurahi, nikaufuta huo pia kwa sababu ulionekana kama wa mtu anayetaka kitu. Mwishowe nilimtumia neno moja, asante, nikarudi kwa bahasha mpya za majani zilizokuwa mezani, nikaanza kumpigia simu mchumaji wa kila moja.